Njuga Juu ya Udongo Mbichi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema nisije nikasifiwa bure, maana watu wakisikia kwamba niliimba kwenye bendi, tena wakati ule ambapo binti wa Ng'ambo, mtaa wetu pale Tabora, akipanda jukwaani ukoo mzima hupewa pole kama uliofiwa, hudhani nilikuwa na roho ngumu. Sikuwa nayo. Niliogopa radi, niliogopa ng'ombe wanaoswagwa kwenda mnadani, niliogopa kuvuka reli hata kama treni imeshapita na moshi wake nauona kwa mbali. Niliimba kwa sababu kaka yangu alisema niimbe, na kaka yangu ndiye aliyenilea tangu wazazi walipotutoka.

Bendi ilikuwa yake. Kwa karatasi vyombo vilikuwa mali ya ukumbi, na ukumbi ulikuwa chini ya watu wa utamaduni, lakini gitaa la solo lilikuwa mikononi mwake, na mwenye solo ndiye mwenye bendi. Tulijiita jazz kama walivyojiita wote siku zile, ingawa ningekwambia unionyeshe jazz yenyewe ilikuwa wapi ungepata tabu. Tulipiga rumba iliyovuka ziwa kutoka Kongo, tukapiga twisti, na vijana walipoanza kurudi kutoka Dar es Salaam na suruali za miguu mipana tukapiga soul, mimi nikiimba Kiingereza ambacho hadi leo sijui kilikuwa kinasema nini. Watu walicheza. Soli za viatu ziliisha, na wengine wakapata wachumba pale pale. Mimi mwenyewe nilimpata mume wangu hivyo hivyo, kijana wa reli aliyekuwa hajui kucheza hata kidogo.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha upepo ukageuka. Ofisa wa utamaduni alikuja mazoezini, akakaa kiti cha mbele, akasikiliza nyimbo mbili, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na hizi ni za nani?" Akasema nchi haiwezi kujijenga kwa muziki wa kuazima, na kwamba amesikia mikoa mingine kuna bendi zimerudisha vyombo. Alipotoka, wenzangu walikaa wameinama kama watoto waliochapwa. Kaka peke yake alikuwa anatabasamu.

Nilimwogopa alipotabasamu vile. Kaka alikuwa mtu wa kununa, na uso wake ukichangamka ujue kuna jambo ameshaliamua na sisi wengine tutaambiwa baadaye. Alichukua baiskeli akaenda Sikonge, kwa ndugu za mama, akakaa huko mpaka tukadhani ameacha muziki analima tumbaku. Aliporudi alikuwa na gunia limefungwa nyuma ya baiskeli, na kila gurudumu lilipopita kwenye shimo gunia lililia. Ndani yake kulikuwa na njuga, zile kengele ndogo za chuma za kufunga miguuni, nyeusi kwa mafuta na moshi.

Alitukalisha akatueleza. Tutarekodi santuri kubwa, si nyimbo mbili mbili za kugeuza, na santuri nzima itakuwa safari moja: wapagazi wanatoka Tabora wamebeba mizigo, wanakwenda hadi Pwani na kurudi nyumbani. Besi itatembea mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani, isiharakishe hata wachezaji wakilalamika. Saksafoni itaita kama baragumu la mwongoza msafara. Magitaa ya umeme yabaki, tena yapigwe kwa sauti ya juu kuliko zamani. Lakini dramu za Kizungu na manyanga ya rumba ndiyo basi. Mdundo utatoka miguuni mwetu sisi wenyewe, kila mpigaji na mwimbaji amefunga njuga.

Mpiga saksafoni, mzee wa maneno ambaye hata msibani watu hukaa naye kwa tahadhari, alisema, "Yaani tunaacha kuchezesha watu, tunacheza sisi." Kaka hakucheka. Alianza kupiga ile solo ya kwanza, polepole, huku akikanyaga. Sitasema uongo kwa sababu ya yaliyofuata: ulikuwa muziki mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia. Nywele zilinisimama. Nilijua kwamba nitauimba, na nilijua pia kwamba nitauogopa, ila sikujua kwa nini.

Wakati huo nilikuwa na mimba. Mume wangu alikuwa kazini kituo cha Tura, na mimi nilikuwa mtu wa huku na huku, mara kwake, mara kwa kaka, wauza maji wa treni wananijua kwa jina. Mimba iliyotangulia ilinitoka nikiwa peke yangu Tura, mvua inanyesha na mume yuko zamu. Baada ya hapo radi na ng'ombe nilivisahau. Nilibaki na hofu moja tu, ya kumpoteza na huyu. Nilitembea kama niliyebeba maziwa yaliyojaa hadi ukingoni.

Kaka sikumwambia. Kwetu mwanamke hamwambii kaka yake kwamba ana mimba. Ataliona tumbo likitokeza, atajifanya hajaliona, na siku ikifika ataletewa habari kwamba amekuwa mjomba. Kulitaja mbele yake ni kumvunjia heshima na kujivunjia mwenyewe. Waliojua walikuwa wawili, mume wangu na wifi yangu, mke wa kaka, ambaye hakuambiwa na mtu ila aliniona nikiikimbia migebuka, wale samaki wa Kigoma, ikikaangwa, mimi niliyekuwa nikiila hadi miiba.

"Wifi, umekula nini huko Tura?" aliniuliza, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono, maana ile ya kwanza aliijua.

Tulipoanza mazoezi ndani ya ukumbi, njuga hazikulia vizuri. Saruji ilizifanya zilie kama vijiko ndani ya sufuria. Kaka akatuhamishia uani, nyuma ya ukumbi, kwenye udongo. Hapo zikalia, lakini bado hakuridhika, kwa sababu ya viatu. Mtu akivaa viatu kisigino hakishuki sawasawa, njuga inashtuka tu badala ya kulia. "Hakuna mpagazi aliyekwenda Pwani na viatu," alisema. Tukavua. Halafu likaja vumbi, maana ilikuwa kiangazi, na watu kumi wakikanyaga mahali pamoja Tabora wakati wa kiangazi hawaonani. Wanawake wa nyumba za jirani wakaleta ndoo wakamwagia uwanja, kama wanavyomwagia kabla ya ngoma yoyote. Kaka alisikia tofauti pale pale. Udongo mkavu unasema pa, alisema, uliolowa unasema du. Tangu siku hiyo uwanja ulimwagiwa kila mara.

Umeme tuliuvuta kutoka ukumbini kwa waya mrefu. Amplifaya zilikuja na plagi za meno matatu, na ukumbi ule wa zamani ulikuwa na soketi za matundu mawili, kwa hiyo plagi zilikatwa zamani na nyaya mbili zikachomekwa hivi hivi, zikakazwa kwa njiti za kiberiti, ule wa tatu wa ardhini ukaachwa nje. Tabora nzima tulichomeka hivyo, pasi, redio, kila kitu. Na miaka yote hiyo tulipiga tumevaa raba, juu ya jukwaa la mbao, hakuna aliyewahi kuhisi lolote.

Mara ya kwanza miguu mitupu niliona kama sisimizi wananipanda nyayoni. Nikadhani ni ganzi. Mpiga besi naye aliacha kupiga akawa anajikuna vidole. Mpiga saksafoni akasema, "Hao ni wapagazi wenyewe. Wamesikia njuga zao, wanatupapasa nyayo." Tukacheka. Ila baadhi yetu hawakucheka sana, na siku iliyofuata niliwasikia wakinong'ona kwamba muziki huu una wenyewe, na wenyewe wamekubali. Habari hiyo ikamfikia kaka, akafurahi. Hata ofisa wa utamaduni aliambiwa, akainamisha kichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeziona zile njiti za kiberiti.

Kisha siku moja, uwanja umemwagiwa maji mengi kuliko kawaida, nilisogea niimbe pale pa sauti ya chini na mdomo wangu ukagusa maikrofoni. Sijui nieleze vipi. Meno yaligongana, macho yakaona weupe mtupu, na mdomoni nikabaki na ladha kama niliyenyonya funguo. Yalikuwa maumivu, ndiyo, lakini siyo yaliyonitisha. Kilichonitisha ni kwamba nilikisikia kile kitu kikipita mwilini kutoka mdomoni hadi kwenye nyayo, na kutoka mdomoni hadi kwenye nyayo hakuna njia nyingine ila kupitia tumboni.

"Kaka, inanipiga."

"Nini?"

"Maikrofoni."

"Funga leso, kama wenzako wote."

"Na nikivaa raba zangu?"

Alinitazama kama niliyemwambia tuimbe taarabu. Halafu akalainika, maana hakuwa mtu mbaya, akapiga goti mbele yangu akazifungua njuga zangu na kuzifunga upya, taratibu, kama alivyokuwa akinifunga kamba za viatu vya shule. "Ukivaa viatu, mdogo wangu, mguu wako unatoka kwenye msafara," alisema. "Nausikia. Sikiliza na wewe."

Nilisikiliza, na kweli niliusikia. Nilifunga leso kwenye maikrofoni. Pumzi yangu ikailowesha kila siku, na kila siku nikaja na nyingine kavu.

Gari la kurekodia lilitoka Dar es Salaam juu ya behewa, limefungwa minyororo kama ng'ombe mkorofi. Lilipewa siku mbili. Siku ya kwanza ilipotea kwenye kupanga nyaya na kumlaki ofisa. Behewa la kulirudisha lilikuwa limeshapangwa asubuhi ya siku ya tatu, na ikishindikana, tuliambiwa, tusubiri mwaka mwingine, kama bendi itakuwepo.

Jioni ile ya siku ya kwanza nilimfuata wifi jikoni. Nilimwambia yote, sisimizi, meno, tumbo. "Mwambie mumeo," nilimwomba. "Mwambie tu nina hali. Akijua, ataniacha nivae viatu."

"Nitamwambia," alisema. "Leo leo."

Asubuhi niliamka mapema, nikavaa raba zangu nyeusi, nikafunga kaniki ndefu hadi chini, njuga juu ya raba. Nilimwangalia kaka usoni nione kama ameambiwa. Hakuwa na uso tofauti. Alikunywa chai, akakaza nyuzi za gitaa, akanipita bila kunitazama. Nilimtafuta wifi kwa macho. Alikuwa anachota maji ya kumwagia uwanja, amenipa mgongo. Nikajiambia amepitiwa na usingizi, au ameona haya, au kaka hakumpa nafasi. Nilijiambia mengi.

Fundi wa gari lile alikuwa Mzaramo mnene, mcheshi. Alikuwa ameshaniuliza kabila, na aliposikia Mnyamwezi akapiga makofi. "Ala! Mtani wangu! Ile mizigo ya babu yangu mliifikisha wapi?" Tangu hapo hatukuwa na salamu nyingine. Nilimwendea kabla hatujaanza, nikamsogeza pembeni.

"Fundi, hii maikrofoni inanipiga. Miguu mitupu kwenye maji, itaniua."

"Ufe tu, mtani. Mie ndiye nitakayekuzika. Sanda yako nitaikata nusu nishone shati."

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Fundi, sitanii."

"Hata mie sitanii. Hili shati limechakaa."

Anayejua utani wa makabila, kwamba mtani hutania hata kifo na huruhusiwi kukasirika, anajua kwamba hapo nilikuwa nimekwisha. Kila nililosema lilizidi kuchekesha. Nilipomwambia kwamba naogopa, akawaambia wenzake kwamba Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na leo mjukuu wao anashindwa kubeba maikrofoni. Nilipokaribia kulia, mpiga saksafoni alisema ninaigiza vizuri. Sikuweza kutaja mimba mbele ya wanaume wote wale na kaka yangu amesimama hatua chache kutoka pale.

Kisha fundi akaona leso yangu. Akaivuta, akanirudishia. "Kitambaa kinakula maneno, dada. Huku unasikika kama unaimba ndani ya godoro."

Tulirekodi wote pamoja, mara moja, hapakuwa na kuongeza wala kupunguza baadaye. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Kulikuwa na maikrofoni za mbele, zilizopita kwenye vyombo vyetu, na moja ya chini ya kusikiliza miguu, iliyokwenda moja kwa moja garini, kwa umeme wa gari lenyewe. Tulimaliza wimbo wa kwanza. Kaka akaingia garini, akavaa vile vya masikioni, akasikiliza. Alipotoka alisimama katikati ya uwanja.

"Kuna njuga mbili zimekufa," alisema. "Ni za nani?"

Alijua ni za nani. Watu wote waliniangalia. Niliinua kaniki kidogo, raba zikaonekana. Kaka alizitazama zile raba, akainua macho hadi pale nilipofungia kaniki, juu kuliko ilivyo kawaida, halafu akatazama pembeni, kwenye ukuta.

"Vua," alisema.

Nilivua. Udongo ulikuwa wa baridi na maji yalipanda kati ya vidole. Tangu hapo sikuimba, niliogopa kwa sauti. Nilisimama mbali na maikrofoni kadiri nilivyothubutu, nikapaza sauti ili ifike, na wenye masikio waliosikiliza santuri ile baadaye walisema mwimbaji anaimba kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, wakalisifu jambo hilo. Nilimwomba Mungu kati ya beti. Nilijishika tumbo kwa mkono mmoja, na mtoto alikuwa akicheza, akipiga teke kwa kila mdundo wa besi, na kila teke nililishukuru.

Jua lilipoanza kuteremka tulibakiwa na wimbo wa mwisho, wa msafara kufika nyumbani. Unaanza kwa kunong'ona. Wanawake walimwagia uwanja tena. Fundi akatoa kichwa garini, "Dada, sogea. Hapo sikupati." Nikasogea. "Sogea tena." Nikamtazama kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya gitaa, macho ameyafumba, akaanza kupiga.

Nilinong'ona ubeti wa kwanza. Katika wa pili mguu wangu wa kulia ulishuka kwenye dimbwi, na mwili ukafuata, mkono ukaidaka maikrofoni, na mdomo ukagusa.

Sikujijua nilipolia. Wanasema ilikuwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwa mtu. Nilianguka chali na maikrofoni ikaanguka nami, mkono umeishika na haukubali kuiachia, hadi mtu alipong'oa waya ukumbini na magitaa yote yakanyamaza kwa pamoja. Pakawa kimya. Katika kimya kile kitu kimoja tu kiliendelea kulia, njuga zangu. Miguu ilikuwa ikitetemeka yenyewe, siwezi kuizuia, na zililia, zikalia, mpaka zikapungua. Maikrofoni ya chini ilikuwa bado inasikiliza.

Fundi alikuja mbio, uso umembadilika, akasema, "Mtani, mtani, nisamehe," na huo haukuwa utani. Wifi alinibeba na wanawake wenzake hadi chumbani. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimeshika tumbo badala ya mkono ulioungua.

Mtoto hakucheza. Nililala kwa ubavu wa kushoto, hakucheza. Nilikunywa maji ya baridi kama wanavyoshauri, hakucheza. Nilimsikia kaka uani akisaidia kufunga vyombo, nikasikia gari likiondoka kwenda stesheni, na bado. Watu wanazungumza juu ya hofu kama kitu cha kelele, cha kupiga mayowe. Ile ilikuwa kimya. Nilikuwa nasikiliza ndani ya mwili wangu mwenyewe kama mtu anayesikiliza mlangoni mwa nyumba ambayo haina taa.

Kesho yake wifi alinipeleka hospitali. Nesi aliniwekea tumboni kile kipembe cha mbao, akainama, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza. Nilizitazama nywele zake nisimtazame uso. "Upo moyo," alisema mwishowe. "Unakwenda mbio, lakini upo." Sikumwamini. Nilipanda treni kurudi Tura bila kumuaga kaka, na tulipokuwa njiani, mbele yangu amekaa mama mmoja wa Igunga na kuku wake, mtoto aligeuka. Aligeuka kabisa, kama mtu anayehamisha kitanda. Nililia kwa sauti mbele ya behewa zima. Yule mama alinipa pole, akidhani naenda msibani.

Hofu haikuisha hapo. Niliogopa hadi masika, alipozaliwa, na alipozaliwa nikaogopa upya. Nilivikagua vidole. Niligonga sufuria kwa mwiko nyuma ya kichwa chake nione kama atashtuka. Alishtuka, akalia, mume wangu akaninyang'anya mwiko.

Kanda zilipelekwa Nairobi kuchapwa santuri, na santuri ikatoka. Tuliisikia kwenye redio kituoni Tura. Watu waliipenda kuliko chochote tulichowahi kupiga. Bendi zetu zimegeuka, walisema, zimepata sauti yao. Na kilichopendwa zaidi kilikuwa mwisho wa wimbo wa mwisho: mnong'ono, kisha ukelele mmoja mkali, kisha vyombo vyote vinakatika na zinabaki njuga zikififia. Mtangazaji alisema ule ni ukelele wa mama wa Kinyamwezi anayewapokea wapagazi waliorudi hai. Kwenye kumbi, nilisikia, vijana walisubiri pale, wakapiga ukelele wote kwa pamoja. Mume wangu alikuwa anaizima redio kabla haujafika. Akichelewa, mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi.

Kaka aliagiza nirudi, watu wanaitaka ile sauti. Nilikataa. Lakini nilimtetea. Mume wangu alipomtukana nilisema hakujua, masikini. Angejua asingenivua viatu. Niliamini hivyo. Nisingeweza kuishi vinginevyo, kwa sababu huyo ndiye baba niliyekuwa nimebaki naye.

Mtoto alipoanza kukaa, kaka alikuja Tura kumwona. Alishuka kwenye treni na santuri chini ya kwapa na kanzu ndogo ya mtoto aliyonunua kwa Wahindi mjini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa mpwa wake. Alimpakata vizuri, akamchezesha, akamwimbia. Nilifurahi kuwaona. Na kwa furaha hiyo nikasema, kwa kumchokoza tu, "Ungejua siku ile kama na huyu yumo, kaka, usingenivua raba zangu."

Aliacha kuimba.

"Nilijua," alisema.

Nilidhani hakunisikia vizuri.

"Wifi yako aliniambia jioni ile. Alilia. Nikamwambia anyamaze." Alikuwa anamtazama mtoto, hanitazami mimi. "Behewa lilikuwa linaondoka asubuhi, mdogo wangu. Nilimwomba Mungu. Muda wote ule wa wimbo wa mwisho nilikuwa nimefumba macho namwomba Mungu."

Nilimchukua mwanangu mikononi mwake. Nilihisi kitu kikipita mwilini, kutoka juu hadi chini, na safari hii hapakuwa na waya. Treni ya kurudi Tabora ilikuwa bado sana. Tulikaa barazani tukiisubiri, yeye huku na mimi huku, na alipokunywa chai akaiweka chini alinyoosha tena mikono ampokee mtoto.

"Amelala," nilimwambia. Mtoto alikuwa anamkodolea macho.